Kikombe Nilichokirudisha Kwenye Kilio

Amani ya Bwana iwe nanyi, ndugu zangu, na jina lake lisifiwe hapa tulipo! Ilianza siku ya Alhamisi, saa tisa za mchana, jikoni kwetu Butembo. Saa naikumbuka juu redio ya jirani iliitaja wakati nilipokuwa nashindwa kumwamsha mudogo wangu.

Mimi ni Masika, niko na miaka kumi na saba, nasoma sekondari. Munisamehe kuandika. Mbele ya batu sauti yangu inakauka, donc Mama Kahambu ndiye atawasomea. Huyo mutamujua mbele kidogo.

Tulitoka upande wa Mabalako tukikimbia vita, mashamba tukayaacha. Hapa mama alianza kupika mandale, ile pombe kali ya pipa. Yeye mwenyewe ikigusa mdomo wake anatapika, basi mimi nikawa muonjaji wake, tangu miaka kumi na ine. Matone ya kwanza yakitoka, ananinyooshea kijiko: inakata ulimi ama hapana? Hakuwa na ubaya. Kazi ilikuwa ile.

Kijiko kikawa viwili, vikawa kikombe. Nilikuwa napeleka mandale masomoni ndani ya chupa ya maji. Asubuhi mikono ilitetemeka mpaka nionje. Kila jioni niliandika ndani ya daftari: kesho naacha. Ndugu zangu, neno hilo liko kwenye kurasa nyingi, na kila mara lilikuwa uongo!

Alhamisi ile nililinda pipa peke yangu. Nilikunywa, nikaweka kikombe chini, nikasinzia. Kavugho, mudogo wangu wa miaka ine, alifikiri ni maji. Nilipoamka alikuwa amelala kando yangu, mdomo unanuka, haitiki. Nilimubeba mgongoni nikakimbia mpaka kituo cha afya. Vidole vyake vilikuwa vimelegea shingoni mwangu kama vitambaa. Walimutia serum, yale maji ya dawa ya kwenye mshipa. Nilikaa chini kando ya kitanda, nikamwambia Mungu anichukue mimi. Jua lilikuwa linazama alipofungua macho akaomba ndizi. Asante Yesu!

Munganga wa pale, mama mupole, alikuwa amenisikia harufu mimi pia. Hakunigombeza. Aliniambia kuna batu wanaosaidiana kuacha pombe, wanakutana Jumamosi saa kumi, katika parcelle moja, kiwanja chenye nyumba, nyuma ya kanisa. Utaona mabenchi, alisema, uingie tu.

Jumamosi nilienda. Ilikuwa siku ya pili bila kuonja. Jasho lilinitoka na kulikuwa baridi. Nilipita mbele ya nyumba zile mara tatu. Nikaona mabenchi nje, batu wamekaa kimya, wanaangalia chini. Nikasema moyoni, ni hawa. Nikaingia, nikakaa kando ya mama mumoja wa kitambaa cheupe.

Ndugu zangu, nilikuwa nimeingia kwenye kilio! Marehemu walikwisha kumuzika, ndiyo maana hakuna aliyelia. Nilijua wakati kikombe cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kilianza kuzunguka mkono kwa mkono. Na desturi munaijua: anayekataa kikombe cha kilio, watu wanajiuliza anajua nini juu ya kile kifo.

Kikombe kilinifikia. Mate yalijaa mdomoni. Nikajiambia, mara moja tu, heshima ya marehemu. Kilikuwa kimekwisha kugusa midomo wakati nilisikia tena vile vidole shingoni mwangu. Nikakishusha.

"Unywe, mutoto," muzee wa kilio alisema. "Ama uko na neno na ndugu yetu?"

Macho yote kwangu. Mimi, mutu asiyejibu hata mwalimu!

"Baba, munisamehe. Marehemu sikumujua. Natafuta batu benye banaacha pombe. Nikikunywa hii, sitasimama tena."

Kijana mumoja alicheka: "Kasichana aka? Ata maziwa ya mama yake haiyakauka ku mudomo!"

Mama wa kitambaa cheupe alichukua kikombe mkononi mwangu, akakipitisha bila kunywa. "Miye pia sikunywake," alisema. "Miaka yote mulizani ni tumbo inaniuma. Hapana. Niko mulevi mwenye aliacha."

Muzee aliwageukia vijana wa kugawa pombe. Kisha akasema, "Mubaletee maji."

Huyo ndiye Mama Kahambu. Alikuwa amepita kusalimia kilio mbele ya kwenda mkutano wake, uleule niliokuwa natafuta. Alinipeleka: ulikuwa parcelle ya pili, mabenchi ndani, mlango umefungwa. Nilikuta bamama, mwalimu mumoja, na askari aliyetoka Kasai. Hakuna aliyenicheka. Tuliomba nguvu ya siku ile tu, lakini ilitosha.

Ewe unayesikia hii na mikono yako inatetemeka asubuhi, umutumainie Mungu, uje. Ukipotea mlango kama mimi, sema tu unatafuta nini. Nilisema, na sikufa.

Kesho yake, Jumapili, mama aliwasha moto mapema, mbele ya saa ya misa. Matone ya kwanza yalipotoka akaninyooshea kijiko. Nilikichukua, nikakimwaga juu ya makaa. Moto uliruka.

"Iko kali, mama," nilimwambia. "Kuanzia leo, moto ndiyo itakuonjea."

Mama alisogeza kuni. Nikaosha kijiko, nikamvalisha Kavugho, tukaenda misa.