Mguu Mmoja wa Meza

Muuguzi aliyetoka zamu alikuwa akisinzia kwenye treni, mpaka mama mmoja mshonaji alipomuuliza seremala aliyeketi naye amefunga nini kwenye gazeti.

"Mguu wa meza, mama. Zawadi ya Krismasi ya kaka yangu."

"Mguu mtupu? Na meza iko wapi?"

"Anayo. Mwaka wa tatu sasa imesimama juu ya matofali, tangu tulipogombania shamba la baba nikaipiga teke, mguu mmoja ukavunjika. Hatujasemeshana tena." Akaeleza kwamba ameuchonga kwa mabaki ya mbao, na shemeji yake ndiye aliyempimia urefu kwa uzi, kwa siri.

"Mwanangu, hiyo ni kuni. Mnunulie hata shati."

"Shati atalipokea mlangoni, mama, kisha aniage. Huu lazima aniingize ndani niufunge."

Muuguzi alibanwa na kicheko, akajikohoza.

"Na asipofungua mlango?"

"Huu unafaa hata kubishia hodi."

Mama akatikisa kichwa, hajaridhika. Treni ikasimama. Seremala akateremka, mguu kwapani, akitembea kama mtu aliyealikwa.