Kitambaa cha Mzaliwa wa Kwanza

Ndugu wafiwa, sisi kumi tulioruhusiwa na masharti ya korona kuingia humu ukumbini Lidcombe, Sydney, nanyi mnaotufuatilia kwenye simu mkiwa Iringa na Daegu, mimi ni Rhoda, wifi wa marehemu, nimepewa kazi ya kusoma, na nitasoma yote, hata yale ambayo mdogo wa marehemu, Bwana Byung-ho, aliniomba jana niyaruke.

Marehemu Yoon Mi-sook alizaliwa Daegu, Korea Kusini, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa Mzee Yoon, ambaye alipoambiwa ni msichana alirudi kazini bila kumwangalia. Alianza shule mwaka 1968, akaongoza darasa, lakini mwaka 1976 akatolewa ili Byung-ho asome, akapelekwa kiwanda cha nguo, naye hakukubali, akasoma masomo ya jioni mpaka akapata cheti cha uuguzi mwaka 1986.

Alihamia Sydney mwaka 1991, akahudumia wazee huko Ingleburn karibu miaka thelathini. Tarehe 5 Oktoba 1996 alifunga ndoa na kaka yangu Aloyce, Granville, baba yake akasusa, na mwaka 1998 wakajaliwa mtoto mmoja, Brigitha. Na sisi wa Iringa, nisiwe mnafiki, tulimsumbua sana tukiuliza wa kiume yuko wapi, naye akatujibu kwamba aliyepo anatosha.

Aprili 2020 Mzee Yoon, ambaye naye alikuwa amehamia Sydney na mkewe na Byung-ho, alifariki hapa hapa Lidcombe, nako kwao mfiwa mkuu ni mwana wa kiume, hufungwa kitambaa chenye mistari mkono wa kushoto, na kusimama mbele ya wote. Wakati ule pia waliruhusiwa watu kumi tu, na Byung-ho akaandikisha wanaume tisa, yeye akiwemo, na mama yake, basi. Mi-sook alingoja mlangoni hadi binamu mmoja alipotoka, akaingia, akaenda moja kwa moja mbele, akasema, "Mimi ndiye niliyezaliwa kwanza." Kitambaa alinyimwa, akasimama bila hicho, mama yake akainamisha kichwa.

Tarehe 24 Julai mwaka huu alipatwa na korona, akalazwa, akafariki tarehe 9 Agosti 2021, akiwa amemwandikia Brigitha kwamba kitambaa cha mfiwa mkuu kwenye msiba wake akivae yeye. Byung-ho akaapa kwamba kitavaliwa na mwanawe wa kiume, la sivyo jina la marehemu litafutwa kwenye kitabu cha ukoo, na leo alikuja nacho mkononi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa Ingleburn, na majirani wa Granville, hasa Mama Fébronie aliyetuachia chakula getini kila siku. Tunamshukuru pia mama mzazi wa marehemu, mwenye miaka themanini na mmoja, ambaye asubuhi hii, hapo mlangoni, alimnyang'anya Byung-ho kitambaa, akamfunga Brigitha mwenyewe, kisha akasimama kando yake. Byung-ho yuko nje kwenye gari, na mlango hatujaufunga.

Wifi yangu, mwanao ndiye aliye mbele, sasa pumzika kwa amani.