Besi ya Futi Saba

BABA MDOGO: Haloo? Sema upesi, nani mwenzangu? Niko juu ya stuli, huku chini mtandao haufiki.

NUKTA: Shikamoo, Baba Mdogo. Ni Nukta.

BABA MDOGO: Marahaba, mwanangu. Mbona unavuma hivyo?

NUKTA: Si mimi, ni mashine za mashuka. Niko kazini, hapa dobi ya hospitali, wenzangu wameenda kula. Nina dakika chache, na vocha yenyewe ni ya kubangaiza. Niambie tu, besi yangu imekwisha?

BABA MDOGO: Tangu jana.

NUKTA: Afadhali. Wiki nzima roho iko juu.

BABA MDOGO: Imekwisha, imekauka, inang'aa. Ila utakapokuja, njoo na watu.

NUKTA: Watu wa nini?

BABA MDOGO: Wa kubeba. Wawili wanatosha kama wameshiba. Na waambie wapite kwanza pale kwenye kona ya fundi viatu, waikague hiyo kona.

[Mashine zinavuma.]

NUKTA: Baba Mdogo, mimi nilikuletea gitaa dogo. Nililibeba mgongoni mwenyewe, kwa kanga.

BABA MDOGO: Hapo hapo ndipo nilipotaka tuongee. Nikuulize kitu, na usikasirike. Ulipolinunua, ulilipima?

NUKTA: Kulipima kwa—

BABA MDOGO: Hukulipima. Mwanangu, ulipunjwa. Yule mwenye duka aliona mwanamke mpole, akakupa kipande.

NUKTA: Si kipande. Ndivyo lilivyotengenezwa. Ni besi fupi.

BABA MDOGO: Ndivyo alivyokwambia?

NUKTA: Ndivyo nilivyotaka! Miaka miwili nimelitafuta gitaa la namna hiyo, la bei ninayoiweza. Lile la bendi ni refu, mkono wangu haufiki juu. Nikifika, bega linalia. Kwa nini ukoo mzima mnaniita Nukta?

BABA MDOGO: Kwa sababu u mdogo na ukishasema umesema.

NUKTA: Kwa sababu ni mfupi! Sasa nimesema. Umelifanya nini?

BABA MDOGO: Subiri, unakwaruza. Ngoja nigeuke— haloo? Unanisikia?

NUKTA: Nakusikia. Nilikuandikia kazi tatu kwenye karatasi. Shusha nyuzi, zinaniumiza vidole. Badilisha kile kipande cha juu kinachoshika nyuzi, kimepasuka. Kaza tundu la waya wa spika, linakatakata. Tatu tu.

BABA MDOGO: Zote nimefanya. Na ya nne nikakuongezea mwenyewe.

NUKTA: Ya nne ni ipi?

BABA MDOGO: Urefu.

NUKTA: Kiasi gani?

BABA MDOGO: Wa haki. Wa besi kamili. Nilichukua ile picha ya bendi yenu uliyonipa, nikampima yule kiongozi wenu aliyeshika besi, yule wa—

NUKTA: Bwana Eksirei.

BABA MDOGO: Huyo anayepiga watu picha za mifupa. Nikaona gitaa linamfikia wapi mpaka wapi, nikapiga hesabu. Mtu wa futi tisa, gitaa futi saba.

NUKTA: Bwana Eksirei ana futi tisa?

BABA MDOGO: Kwenye picha amewazidi watu wote kwa mbali.

NUKTA: Baba Mdogo, amesimama juu ya jukwaa.

BABA MDOGO: Aa.

NUKTA: Jukwaa lina futi tatu.

BABA MDOGO: Hilo la jukwaa hukuniambia.

NUKTA: Futi saba. Futi saba, Baba Mdogo! Hata mlango wako hauna futi saba.

BABA MDOGO: Hauna, kweli. Ndiyo maana shingo imetokea dirishani. Yale masikio ya kukazia nyuzi yako nje kwa jirani. Nikitaka kulirekebisha sauti nampigia ukelele mama wa pale, anakaza. Mtu mwema sana. Tatizo lake moja tu, ameanza kuanika.

NUKTA: Kuanika nini?

BABA MDOGO: Soksi. Za watoto, nyepesi tu. Nimemkataza mataulo.

NUKTA: Ngoja kwanza nikae. Kuna rundo la mashuka hapa.

BABA MDOGO: Kaa, mwanangu. Pumua.

NUKTA: Nyuzi umepata wapi za urefu huo?

BABA MDOGO: Breki za baiskeli. Ile nene ni waya wa kuanikia nguo, labda ndiyo iliyomchanganya yule mama. Na vile vyuma vya shingoni nimekata spoku. Zimekaa vizuri, ukipitisha kidole huhisi kitu.

NUKTA: Unajua kesho kuna nini?

BABA MDOGO: Matroni anastaafu, anaagwa.

NUKTA: Anaagwa saa tisa alasiri. Bendi inapiga nyimbo mbili. Bwana Eksirei amenivumilia mwaka mzima, kila mazoezi ananiambia, dada, hilo gitaa linakupiga wewe. Amesema kesho nisipokuja na besi ninayoimudu, nafasi anampa yule mpishi wa jikoni mwenye mikono mirefu. Na mpishi huyo hata muziki haupendi. Anapenda tu kukaa mbele. Mimi nauota, Baba Mdogo. Napiga pasi mashuka mia kwa siku, na kila shuka nalipiga kwa mdundo. Ni hicho tu nilichokitaka, na sasa kiko dirishani na soksi.

BABA MDOGO: Nimekosa.

NUKTA: Hapana, si—

BABA MDOGO: Nimekosa, mwanangu. Msumeno uko hapa. Nitalikata leo leo. Sijui litakuwaje, ile shingo ya zamani niliitoa, nyuzi zake nimezifungia mlango wa kuku, lakini nitalikata.

NUKTA: Kukata nyongeza ni kazi kubwa?

BABA MDOGO: Kazi si kubwa. Ni... mbao ngumu.

NUKTA: Mbao gani?

BABA MDOGO: Mbao tu.

NUKTA: Hapo karakana hakuna mbao ya futi saba, mwezi jana ulilalamika. Umeitoa wapi?

BABA MDOGO: Nukta, vocha yako itaisha.

NUKTA: Iishe. Umeitoa wapi?

BABA MDOGO: Ilikuwepo nyumbani.

NUKTA: Nyumbani wapi?

BABA MDOGO: Kitandani.

[Mkwaruzo.]

NUKTA: Kitanda kipi?

BABA MDOGO: Chetu. Ubao wa ubavuni. Upande wake yeye.

NUKTA: Wa Mama Mdogo.

BABA MDOGO: Mnaniambia kila siku nikiondoe kile kitanda, mwaka umepita tangu atutoke, nyumba ipate hewa. Dada zangu wananiambia, na wewe uliniambia. Sasa nikiondoe nikipeleke wapi? Nikiuze alale mtu nisiyemjua? Nikipasue kuni? Ukaleta hilo gitaa. Nikatazama huku, nikatazama kule, nikaona limepungua, na mimi nina ubao umekaa bila kazi. Akili ikaniambia, haya.

NUKTA: Na wewe unalala wapi?

BABA MDOGO: Godoro liko chini. Liko sawa. Mgongo unapenda.

NUKTA: Baba Mdogo...

BABA MDOGO: Pale katikati ya shingo kuna alama, pamekuwa laini. Sikupapiga msasa mimi. Ni mkono wake, alikuwa anashika hapo akitaka kuinuka. Nimepaacha juu, kidole chako kikipita pale kisikwame. Ila kitapita wapi, na mkono haufiki. Basi. Ngoja nishuke nichukue msumeno.

NUKTA: Usishuke.

BABA MDOGO: Enhe?

NUKTA: Usishuke. Nataka nilisikie kwanza. Limechomekwa kwenye spika?

BABA MDOGO: Liko tayari. Tena nikilaza simu juu ya nyuzi mtandao unakuwa safi, linashika mawimbi hilo jitu. Jana limeshika redio, limetupa bei za mahindi. Subiri. Haya, mama jirani! Toa soksi kidogo! Nakwaruza ile nene, Nukta. Uko tayari?

[Mkwaruzo. Kisha sauti moja, nzito sana, ndefu. Kitu cha bati kinatetemeka. Sauti inaendelea.]

BABA MDOGO: Umesikia?

[Mashine za mashuka zinavuma.]

BABA MDOGO: Nukta? Umekatika?

NUKTA: Nipo.

BABA MDOGO: Inaendelea mpaka mtu unywe chai. Vikombe vimehama mezani. Jogoo wa jirani amenyamaza tangu jana.

NUKTA: Piga tena.

[Sauti ile ile. Ndefu zaidi.]

NUKTA: Imenipata tumboni, kwa simu.

BABA MDOGO: Unalia?

NUKTA: Nalia, ndiyo. Na mashuka nayalowesha. Baba Mdogo, usikate.

BABA MDOGO: Sasa utalipigaje? Shingo ndefu kama ngazi.

NUKTA: Mimi nitakaa mwishoni huku chini, nakwaruza. Wewe utasimama kule juu, unabonyeza.

BABA MDOGO: Mimi?

NUKTA: Mkono wangu haufiki. Wako unafika.

BABA MDOGO: Mimi ni fundi seremala. Muziki sijui hata unaanzia wapi.

NUKTA: Tepu unaijua?

BABA MDOGO: Tepu naijua.

NUKTA: Basi. Chukua penseli sikioni, pima kutoka kule juu unakokazia nyuzi. Nikikwambia wimbo kwa futi, utaandika?

BABA MDOGO: Kwa futi na inchi?

NUKTA: Kwa futi na inchi. Na Bwana Eksirei akiuliza, mwambie hili ndilo gitaa ninaloliweza. Watu wawili, ndiyo, lakini naliweza.

BABA MDOGO: Atacheka.

NUKTA: Ukipiga ile nene mbele yake hatacheka, atashika ukuta. Karani wa gari la wagonjwa ni rafiki yangu, nitamwomba lije kulichukua. Halafu vaa shati jeupe, bendi yote tunavaa jeupe.

BABA MDOGO: Shati jeupe ninalo. Sijui liko wapi, alikuwa analiweka yeye.

NUKTA: Litafute. Haya, andika, nasikia simu inalia pi pi. Wimbo wa kwanza, waya ule mnene: anza futi moja. Moja, moja, halafu inchi tisa.

BABA MDOGO: Moja, moja, inchi tisa. Endelea.

NUKTA: Rudi moja. Nenda futi mbili na inchi tatu.

BABA MDOGO: Mbili na tatu. Pale pale penye alama yake.

NUKTA: Kweli?

BABA MDOGO: Pale pale. Nimeweka tepu.

NUKTA: Basi hapo unakaa sana. Kila kibwagizo tunarudi hapo, na mwisho kabisa, Matroni anaposimama, tunamalizia hapo hapo. Unabonyeza, mimi nakwaruza mara moja tu, halafu usiachie. Usiachie mpaka ni—

BABA MDOGO: Mpaka nini?

[Kimya.]

BABA MDOGO: Nukta? Nisiachie mpaka nini? Haloo?

[Kimya.]

BABA MDOGO: Vocha imekata. Mama jirani, rudisha soksi, tumemaliza kwa leo.

[Stuli inaburutwa. Waya mnene unaguswa kidogo, kwa kidole.]

BABA MDOGO: Haya, mke wangu. Kesho saa tisa tumeitwa kazini, mimi na wewe. Shati langu jeupe uliliweka wapi?