Marisau Saba ya Kibosho

Ndugu waombolezaji mliokusanyika hapa Guangzhou leo tarehe 17 Novemba 2008, kabla hatujasoma, kila mmoja aape kwamba haya hayatavuka mlango huu, maana marehemu alimwapisha shangazi yake Sesilia, anayewasomea, na shangazi amekitunza kiapo mdomoni siku tatu nzima tangu afariki, zaidi ya hapo tumbo limekataa.

Marehemu Gaudence alizaliwa Kibosho tarehe 4 Mei 1964, akamaliza darasa la saba mwaka 1979, akalima na babaye, akamwoa Bertila tarehe 12 Septemba 1992, wakajaliwa watoto wawili, Joshua na Elinami.

Tarehe 9 Aprili 1997 kindi walikuwa wanafukua mahindi yaliyopandwa, na nyumbani kulikuwa na bunduki mbili, Gaudence akashika raifo, akisema risasi moja huenda inakotumwa, mdogo wake Lucas akachukua shotigani, itemayo vigololi vingi kwa mpigo, akicheka, "Kaka, marisau hayahitaji shabaha." Kindi alipona, jirani yao mjane akatolewa marisau saba usoni na jicho la kushoto likapotea, na kwa kuwa Lucas alikuwa anafunga ndoa Jumamosi ile, Gaudence akasema ni yeye aliyefyatua. Tangu hapo hakuna aliyemwazima hata moto.

Alifika hapa tarehe 2 Machi 2003, akinunua jinzi Xintang na kupakia makontena, akiishi Kangle katika chumba kisicho na dirisha, cherehani zikilia ukuta wa pili usiku na mchana, na akiulizwa lini atarudi alijibu meiyou, hakuna, kama wenye maduka wanavyotukatalia. Wanafunzi wetu walimchokoza mezani kwa shangazi, kindi apigwe kwa bunduki ipi, naye akaitetea raifo hadi mchuzi ukapoa. Shangazi aliishia darasa la nne, lakini hadi saba anahesabu, akamuuliza mtu wa risasi moja aliachaje matundu saba. Ndipo Gaudence akakiri, akamwapisha asiseme.

Aliugua ini, akalazwa tarehe 20 Oktoba, akafariki tarehe 14 Novemba saa tisa alasiri, huku wazee wa Kibosho wakimnyima kaburi, na Lucas, aliyekuja kuchukua mwili, akishauri azikwe huku huku. Marehemu aliacha barua ya Lucas ya mwaka 2004, isemayo, "Kaka, baki huko na siri ya shotigani, mimi nina watoto," aliyoitunza katika mfuko wa ndani wa koti lake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kangle, wafanyabiashara wenzake na wanafunzi waliochangia tiketi ya jeneza, na wewe Lucas, uliyeomba kulishika koti la kaka yako wakati wa kusoma. Mstari huu shangazi aliuandika jana, akijua ukisomwa mkono wako utakuwa wapi. Geukeni nyote mumtazame. Mfukoni humo mna karatasi ya bei za jinzi, mwanangu, barua ilikwenda nyumbani juzi kwa faksi, Bertila amewasomea wazee, na kaburi limeshachimbwa Kibosho.

Gaudence, nenda nyumbani, upumzike kwa amani.