Vespa Siyo Pikipiki

Mwaka ulikuwa 1995, mwezi Julai, asubuhi ya Alhamisi. Anga lilikuwa jeupe bila wingu hata moja, na upepo wa kipupwe uliokota vumbi jekundu la mtaa wa Majengo ukalimwaga juu ya benchi la mninga lililokuwa mbele ya gereji ya Damiano. Isidori, mpimaji wa misitu aliyestaafu, aliitwa Rula pale kijiweni kwa kuwa hakupata kutoa maoni juu ya kitu kabla ya kukipima. Alikuwa ameketi, kahawa imempoa mkononi, akiitazama vespa kuukuu ya rangi ya maziwa aliyoinunua wakati mkewe yuko safarini Tabora. Tatizo halikuwa vespa; tatizo lilikuwa kiapo. Miaka miwili nyuma alianguka na pikipiki katika njia ya Ugalla, akavunjika mfupa wa bega, na akaapa mbele ya mkewe na mbele ya padri kwamba hatapanda pikipiki tena maishani mwake. Sasa treni ya Tabora ilikuwa njiani, na mkewe yumo ndani.

— Waungwana, nina swali moja tu, — alisema Rula. — Hii ni pikipiki, au siyo pikipiki?

— Magurudumu mawili, injini moja, — alijibu Maximilian, karani wa mahakama wa zamani, ambaye wote walimwita Kifungu. — Kisheria, mzee, umekwisha.

— We Kifungu, acha kumtisha mzee wa watu! — Damiano fundi, ambaye kijiweni walimwita Spana, alitoka uvunguni mwa lori, akifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa cheusi kuliko mikono yenyewe. — Mnyororo uko wapi hapa? Baiskeli ina mnyororo, pikipiki ina mnyororo. Hii injini imekaa huku nyuma, imeshikana na gurudumu, tena imefunikwa boneti kama bibi harusi.

— Boneti! — Rula alidaka. — Na kitu chenye boneti huitwaje?

— Gari.

— Endelea, Spana, endelea.

— Gia iko mkononi, kama yale magari ya pijo ya zamani. Halafu ona hapa: tairi la akiba! Nyie mliona wapi pikipiki inatembea na tairi la akiba?

Rula alihisi bega lake likipoa. Akanywa kahawa yake ya baridi kwa furaha, kana kwamba imetoka jikoni sasa hivi.

— Hoja ipo, — alikiri Kifungu, akikuna kidevu. — Ila gari sharti lirudi nyuma. Ina rivasi?

— Haina.

— Basi siyo gari. Utakutana na mwenzio katikati ya daraja, halafu mfanyeje? Mtazamane mpaka Krismasi?

Hapo Manyanda akaweka birika lake chini, karibu kabisa na vespa. Huyu alikuwa Msukuma aliyewaachia ndugu zake ng'ombe kule Kasansa, akaja mjini kuuza kahawa.

— Mie naona mnatazama chuma tu. Tazameni anayekaa. Punda unampanda: mguu huku, mguu kule. Pikipiki hivyo hivyo, tangi linakaa katikati ya mapaja. Hii tangi lake liko wapi?

— Chini ya kiti, — alisema Damiano.

— Na miguu?

— Mbele, imekaa pamoja sakafuni.

— Sasa huyo amepanda nini? Amekaa! Mzee aliapa hatapanda. Aliapa hatakaa?

Walitazamana kama watu walioona nuru. Kifungu alisimama, akafunga kifungo cha juu cha shati.

— Kitu kinachokaliwa kina jina lake, waungwana. Ni kiti. Natamka kwamba hii ni fanicha. Fanicha yenye taa.

— Na leseni je? — aliuliza Rula.

— Ulishaona nani anakatia leseni sofa?

— Na trafiki akinisimamisha?

— Mwambie unahama nyumba!

Kicheko kilikuwa hakijaisha treni ilipopiga honi. Si muda mrefu Josephina, mkewe Rula, akatokea, begi kichwani, kanga imejaa vumbi la safari. Alikuwa mkunga wa zahanati, mwanamke ambaye nusu ya watoto wa Majengo walizaliwa mikononi mwake.

— Shikamoo mama Lucia, — alisema Damiano, akijificha nyuma ya spana.

— Marahaba. Hii pikipiki ya nani?

— Siyo pikipiki! — walijibu wote wanne kwa sauti moja.

Wakamweleza: mnyororo, boneti, tairi la akiba, mapaja, fanicha. Josephina alisikiliza mpaka mwisho bila kutua begi.

— Sawa, kiti. Kiti changu cha nyumbani kinasimama chenyewe. Hiki, mtu akikitoa stendi akainua miguu yote miwili, kitasimama au kitalala?

Kifungu alitazama anga. Damiano aligundua kwamba spana yake inahitaji kufutwa tena. Manyanda alisema tu kwa Kisukuma, «Ee mayu,» yaani ee mama.

— Baba Lucia, hebu kaa tuone.

Mtu aliyeishi kwa vipimo hawezi kukataa kupimwa. Rula alikaa, akaitoa stendi, akapandisha miguu sakafuni, akaiweka pamoja kwa heshima zote. Kiti kilifikiri kidogo. Kisha kikalala upande wa Manyanda, pamoja na mwenyewe, juu ya birika.

Josephina alitupa begi, akamshika bega, akalibonyeza kwa vidole vyake vya kazi.

— Mzima, — alisema, na hapo ndipo alipocheka, akacheka mpaka akashikilia benchi. Kisha akageuka. — Kifungu, mimi nikitaka kwenda zahanati na hii, nikate leseni ya nini?

— Ya pikipiki, — alijibu Kifungu papo hapo, kwa mazoea ya mahakamani. Kisha akajiziba mdomo, amechelewa.

— Asante. Kiapo alikula yeye, mimi sikula. Spana, Jumamosi utanifundisha pale uwanja wa mpira. Baba Lucia, niletee nyumbani pikipiki yangu.

— Nitailetaje, nami siruhusiwi kuipanda?

— Kusukuma hukuapa.

Rula akaisukuma kupanda kilima, begi la mkewe limeketi wima juu ya kiti, yeye mwenyewe akitweta na kutabasamu. Nyuma yake Manyanda alilipindua birika, akalitikisa, akaona hakuna kitu.

— Mzee Rula! Birika zima lile!

— Kiasi gani?

— Shilingi mia sita.

Rula akaiegemeza pikipiki ya mkewe kiunoni, akahesabu hela mara mbili, akalipa.