Mama Aliyeuza Maziwa Mbarara

Ndugu, majirani, nanyi wafanyabiashara mliofunga maduka kuja kumzika mama yetu, familia imeniagiza nisome wasifu wake kwa ufupi, ingawa marehemu mwenyewe hakuwahi kusimulia jambo kwa ufupi.

Marehemu Peninah Kebirungi alizaliwa tarehe 4 Mei 1948 huko Rushere, mtoto wa kwanza wa Mzee Rwabutogo, mfugaji aliyeamini, kama wazee wote wa kwetu, kwamba maziwa hupewa mgeni, hayauzwi, akasoma shule ya msingi hapo hapo, na tarehe 14 Desemba 1968 akafunga ndoa na Erisa Bwengye, fundi baiskeli wa Mbarara, wakajaliwa watoto ambao alikataza wasihesabiwe, kama ng'ombe ambao kwetu ni mwiko kuwahesabu, nami namtii.

Mwaka 1972, Mbarara ikiwa bado mji wa kupita tu, aliona wajenzi na wanafunzi wakinywa chai ya rangi ilhali vijijini maziwa yanamwagwa, akaanza kuyaleta kwa baiskeli ya mumewe na kuyauza. Baba yake akaja juu: "Umeuza heshima yetu! Usikanyage kwangu." Naye akamjibu, "Baba, mji ule ni mgeni, tena una njaa." Alilia njia nzima, asubuhi akarudi sokoni.

Miaka ikapita bila baraka ya baba, na ilimuuma sana, lakini maziwa yakaleta matangi ya kupozea, matangi yakaleta malori, malori yakaleta mafundi, mahoteli, benki na shule, hata vilima tulivyochungia vikaota mabati. Wageni wakisifu maghorofa, marehemu aliwacheka: "Sifuni kwanza majani waliyokula ng'ombe!"

Tarehe 9 Agosti 1996 Mzee Rwabutogo alishuka stendi ya Mbarara na fimbo yake, akamfuata binti yake sokoni, akaduwaa.

"Watu wote hawa wamefuata maziwa?"

"Wengi wao, baba."

"Basi nipimie kikombe."

Marehemu akakataa pesa yake, mzee akamng'ang'ania: "Pokea, mwanangu. Usinifanye mgeni katika mji wako." Wakacheka hadi wateja wakasahau zamu zao.

Aliugua moyo tangu mwaka 2021, akafariki kwa utulivu tarehe 3 Machi 2023 nyumbani kwake Ruharo. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia utani wake, majirani waliokesha nasi, na wenzake wa sokoni. Aliacha agizo moja, kwamba hapa asiondoke mtu na koo kavu, na wala asilipe, kwa kuwa leo maziwa hayauzwi.

Vikombe vimejaa, Mama. Pumzika kwa amani.