Mzee Zakayo Muindi Kitheka, Aliyepima Mvua Akimngoja Bwana

(1931–2007)

Mchungaji Wambua, wazee wa kanisa, majirani wetu wa Kola na nyote mliotoka mbali, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Mimi ni Kalunde, kifungua mimba wa marehemu. Nimeambiwa nisome polepole na nisilie. Kusoma polepole nitajaribu.

Marehemu alizaliwa hapa Kola, mtoto wa tatu wa hayati Kitheka na hayati Kalunde, bibi yetu ambaye nilipewa jina lake. Kitambulisho chake kinasema tarehe 1 Januari 1931, lakini hiyo ni tarehe aliyopewa na karani mwenye haraka. Bibi alijua tu kwamba ulikuwa mwaka wa nzige, wiki ile wadudu walipomaliza mtama wote na watu wazima wakaketi chini, wakasema dunia imefika mwisho. Baba alipenda kutuambia kwamba alizaliwa dunia ikiisha, na tangu hapo ameisikia ikiisha mara sita au saba.

Alianza masomo mwaka wa 1941 katika shule ya misheni iliyokuwa mwendo wa saa moja kutoka nyumbani. Alikuwa mtoto wa maswali. Siku moja walipofundishwa habari za gharika ya Nuhu, aliinua mkono akauliza maji yalipita kilima cha Iveti kwa futi ngapi. Mwalimu aliona ni utundu, akamtuma kukata nyasi uwanjani. Alizikata mchana kutwa, na jibu hakupata. Alimaliza darasa la sita mwaka wa 1948, kisha akasomea ualimu hadi mwaka wa 1952.

Alifundisha shule za msingi kuanzia Januari 1953 hadi alipostaafu Desemba 1986. Wengi mlioketi hapa mlipita mikononi mwake, na wengine mlipita chini ya fimbo yake, tusidanganyane. Mwaka wa 1964 watu wa hali ya hewa waliweka kipima mvua katika uwanja wa shule yake, wakatafuta mtu wa kukisoma kila siku saa tatu asubuhi. Mwalimu mkuu alimwonyesha Baba kidole kwa sababu ndiye hakuwa akichelewa. Aliisoma mvua hiyo Krismasi, Pasaka, hata asubuhi ya arusi yangu, akiwa tayari amevaa suti. Alipostaafu, walimu vijana hawakutaka kazi isiyo na mshahara, basi chombo kikahamishiwa hapa nyumbani.

Kanisani kukawa na desturi ambayo wageni walikuwa wakiishangaa. Kila Jumapili, baada ya matangazo, Baba alisimama na daftari lake akasema, kwa mfano, "Wiki hii tumepata milimita kumi na nane." Kina mama walijua kama ni wakati wa kupanda mbaazi au wa kungoja kidogo. Hakuwahi kukosea. Marehemu shangazi yetu alizoea kusema kwamba Mchungaji ana Jumapili yake, lakini Jumatatu hadi Jumamosi ni za Mwalimu Muindi.

Tarehe 13 Agosti 1955 alifunga ndoa na mama yetu, Loise Syombua, binti wa Katelembo. Mama anasema siku ya kwanza kuja kwao, Baba alimaliza uji wote, akashukuru, halafu akamuuliza babake Mama kwa nini hajachimba mitaro ya kuzuia udongo kwenye mteremko. Babu alikasirika. Wiki iliyofuata Baba alirudi na kikundi chote cha mwethya, majirani wanaosaidiana kazi, majembe begani, wakachimba mitaro minne wakiimba. Posa ikakubaliwa. Mungu aliwajalia watoto wanne: mimi, Kitheka, Kasyoka, na mwaka wa 1979, wakati Mama alikuwa ameshagawa nguo zote za watoto wachanga, Mumo.

Sasa nifike mahali ambapo baadhi ya wazee wangetaka niruke. Sitaruka, kwa sababu Baba mwenyewe alikataza.

Mnakumbuka mvua ya El Niño. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 16 Novemba 1997, Baba alikuta chupa ya kipima mvua imejaa, na mkebe wa nje nao umejaa na kumwagika. Kwa miaka thelathini na mitatu hakuwa ameona kitu kama hicho. Kule chini daraja lilikuwa limekwenda, na ng'ombe walikuwa wakielea mtoni. Alikwenda kanisani amelowa, akasimama wakati wake wa kawaida, akafunga daftari. Akasema, "Wapendwa, leo sina namba ya kuwapa. Chombo kimeshindwa. Hii si mvua ya kawaida. Bwana yuko mlangoni."

Kanisa zima lililia. Angekuwa mhubiri wa kupita, tungesema amina tukaenda kula. Lakini huyu alikuwa Mwalimu Muindi, na kuhusu mvua hakuwahi kukosea. Kuna waliorudi nyumbani wasipalilie tena. Na kwenye benchi ya nyuma alikuwako Mumo, miaka kumi na minane, akiwa katikati ya mtihani wake wa Kidato cha Nne.

Mumo alimaliza mtihani akapata nafasi ya kusomea ufundi wa umeme. Hakwenda. "Ya nini, na Bwana yuko mlangoni?" Alijiunga na kikundi cha maombi kilichokuwa kikikutana Katelembo. Mvua ikakatika, ukame ukaja, na kila jambo likawa dalili kwao: mahindi yakikauka, dalili, tetemeko nchi ya mbali, dalili. Katikati ya mwaka wa 1999 wakahamia chini ya vilima vya Lukenya kungojea mwaka uishe, na dunia pamoja nao.

Tarehe 29 Desemba Baba alimfuata. Mama alimfungia isyo kwenye sufuria, mahindi na maharagwe kama Mumo alivyoyapenda, na vitunguu vingi. Alimkuta amekonda, amefunga chakula siku ya tano. Baba alituambia mazungumzo yao neno kwa neno, nami nayaandika vivyo hivyo.

"Mwanangu, twende nyumbani. Mama yako halali."

"Nau, baba yangu, ni wewe ulitangaza. Sikusikia kwa mtu mwingine. Sasa unataka kunirudisha wapi?"

Mumo hakuwa na kiburi, jamani, msimfikirie vibaya. Alimpa babake maji ya kunywa, akamsindikiza hadi barabara kubwa, akamshika mkono kuvuka. Isyo hakugusa. Hiyo ndiyo siku ya mwisho mtu wa nyumba hii kumwona.

Mwaka mpya ulikuja kama mingine. Watu wengi walicheka, Baba hakucheka. Alimwambia Mama apike, maana kijana atarudi na njaa. Wiki moja ikapita, akaenda tena Lukenya. Wachimba mawe wa karibu walimwambia wale watu waliondoka wawili wawili, wameinamisha vichwa, hawataki kuangaliwa. Mumo alituandikia mara moja tu. Barua iliwekwa posta Voi mwezi wa Aprili 2001. Ilikuwa na mistari mitatu: yuko salama, anaona aibu kurudi, tusimtafute. Baba alimtafuta. Alikwenda Voi mara mbili, akatangaza redioni kwa Kikamba na kwa Kiswahili. Hatukupata chochote, na uchungu huo tungali nao hadi leo asubuhi.

Jumapili moja ya Februari 2000, Baba alisimama kanisani bila daftari. Alisema, "Mwaka ule niliwaambia jambo ambalo sikuonyeshwa. Chombo kilijaa kwa sababu mvua ilikuwa nyingi. Mimi niliogopa, na hofu yangu nikaiita sauti ya Mungu. Nisameheni." Alijiuzulu uzee wa kanisa siku hiyo hiyo. Mlimwomba aendelee kusoma mvua, akakubali, ila kuanzia hapo alitoa namba peke yake na kuketi.

Lakini msidhani aliacha kumngoja Bwana. Alimngoja kuliko sisi sote. Alisema dalili zimewekwa ili tukae macho, si ili tuandike tarehe. Alisema pia kwamba mtu anayemngoja mgeni hufagia ua, hakimbii nyumba. Kwa hiyo aliendelea kuchimba mitaro akiwa na miaka sabini. Na kila jioni, akiombea chakula, alimaliza hivi: "Njoo, Bwana Yesu. Lakini nakuomba usije kabla Mumo hajafika nyumbani." Mama alimtania, "Asi! Sasa wewe ndiye unampangia Mungu ratiba?" Naye akajibu, "Ratiba ni yake. Mimi naomba tu." Halafu chakula kilipoa mbele yao.

Mchungaji Wambua, hili uliniruhusu jana nilisome. Jumapili ya tarehe 2 Januari 2005, wiki ile ya tsunami, Mchungaji alihubiri kwamba wale watu wa pwani za mbali waliadhibiwa kwa dhambi zao. Baba aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Mchungaji, wale walioangukiwa na mnara katika Injili, Bwana alisema walikuwa wabaya kuliko wengine?"

"La, Mwalimu. Hakusema."

"Ahsante. Basi tuwaombee waliofiwa, na tukusanye nguo."

Akaketi. Mchungaji alifunga mahubiri, tukakusanya nguo. Wiki hiyo hiyo alikuja hapa nyumbani kunywa chai, na tangu hapo alikuja kila Alhamisi hadi mwisho. Mungu akubariki kwa Alhamisi hizo.

Marehemu aligunduliwa kuwa na kisukari mwaka wa 2003. Alipunguza sukari kwenye chai mbele yetu na kuiongeza tukigeuka. Mwaka jana figo zilianza kulegea, na kufikia Oktoba hakuweza kutembea hadi kwenye kipima mvua. Mama alikisoma na kumletea namba kitandani. Novemba mvua kubwa ilirudi, na majirani wakaja na makoti yao yakichuruzika maji, wakasimama mlangoni pa chumba.

"Mwalimu, safari hii ndiyo mwisho?"

"Ni milimita sitini na mbili."

"Na mwisho je?"

"Huo sina chombo chake. Ingieni mpate chai."

Alilazwa hospitali mjini Machakos tarehe 5 Machi 2007. Jumapili ya tarehe 11 aliniomba nichukue kalamu. Baba alikuwa mwalimu hadi mwisho. Alitaka kusahihisha wasifu wake mwenyewe. Aliniambia nisiandike kwamba alikuwa mtu asiye na kosa. Akaniambia niandike kosa lenyewe, pamoja na tarehe. Kisha akauliza Mumo nitamwandika wapi. Alinishika mkono, akasema, "Mwandike na watoto wangu. Hakuna aliyenionyesha kaburi lake." Alitutoka Jumatano, tarehe 14 Machi 2007, saa nane mchana, Mama akiwa kando yake.

Katika mikutano ya mazishi jambo hili lilileta maneno, na si siri. Baba mdogo Munyao alisema tuandike watoto watatu, tusiwape watu nafasi ya kuuliza. Wengine walisema tumweke kwa waliotangulia, ili Mama apate kupumzika. Mama alisikiliza wote. Akasema, "Mimi nilizaa wanne. Mkichapa watatu, mtazika bila mimi." Baba mdogo alivua kofia, akaomba msamaha, na ndiye aliyepeleka karatasi mjini kuchapishwa.

Marehemu ameacha mjane, Loise Syombua. Ndugu yake, Munyao. Watoto wanne, Kalunde, Kitheka, Kasyoka na Mumo. Wajukuu kumi na mmoja na vitukuu wawili.

Baada ya sala tutaweka udongo, kwa kufuata kuzaliwa kwetu. Mchungaji ataita majina manne. Jina la nne likiitwa, tunaomba kila mtu atulie na asigeuke kuangalia nyuma. Msiba huu umetangazwa redioni siku nne, na watu huja mazishini kimya kimya na kusimama mbali. Mumo, kama uko hapo kwenye ua, au kule barabarani, hakuna atakayekuuliza ulikuwa wapi. Baba aliagiza uambiwe kwamba kosa lilikuwa lake, si lako. Mama ameshika udongo wako mkononi, na amesema hataumwaga mwenyewe mpaka achoke kusimama. Njoo uupokee.

Alale salama baba yetu, hadi Bwana aliyemngoja atakapomwita kwa jina.